Vijana wa Kanisa Kwenda Nairobi: Hesabu Ianzie Saa ya Kurudi

Likizo ya Agosti ikikaribia, vikundi vya vijana wa makanisa ya Kisumu, Vihiga, Kakamega na Nakuru huanza kuchangishana fedha za kwenda kuiona Nairobi. Jambo la kwanza kuandikwa huwa ni orodha ya mahali: makumbusho, Bunge, jumba la mikutano la KICC, mbuga, uwanja wa ndege, kisha mtu anaongeza Thika Road. Sisi walezi tulioziandaa safari hizi tumejifunza kwamba orodha hiyo iandikwe mwisho. Cha kwanza kabisa ni saa ambayo basi litaondoka Nairobi kurudi nyumbani. Saa hiyo ikishajulikana, mengine yote yanahesabiwa kwa kurudi nyuma, na kila mtu ataona mwenyewe ni mahali pangapi panabaki.

Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350 kupitia Ahero, Kericho na Nakuru. Basi la abiria lina kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, kuna matuta, kuna malori yanayopanda polepole, kuna vituo viwili vya kujisaidia. Weka saa saba hadi nane, usipunguze. Ujenzi wa kupanua barabara kati ya Rironi na Mau Summit nao unaweza kukula saa nyingine. Giza huingia kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na nia ni kila mzazi ampokee mtoto wake kabla ya giza. Kwa hiyo basi liondoke Nairobi saa moja asubuhi, na likichelewa sana saa tatu. Hii ina maana kwamba siku ya kurudi haina matembezi. Ukiweka hata "mahali pamoja padogo tu" asubuhi hiyo, umejipangia usiku barabarani.

Kwa watu wa Kisumu na Kakamega, basi, safari ya siku moja haipo. Tunaona inafaa kwenda Jumatano, kuzunguka mji Alhamisi, na kurudi Ijumaa asubuhi. Wanaotaka mbuga ya wanyama waiweke Ijumaa, warudi Jumamosi. Siku hizi zina sababu. Jumamosi na Jumapili Bunge halikutani, na Nyaraka za Taifa hufungwa Jumapili. Ijumaa jioni magari yanayotoka Nairobi hujazana kuanzia Westlands hadi Naivasha, kwa hiyo anayerudi Ijumaa aondoke asubuhi, asingoje mchana. Jumapili vijana wawe wamekaa kwenye viti vyao kanisani kwao, wala si wakisinzia kituo cha mafuta njiani.

Wa Nakuru wana nafuu kubwa, kwa kuwa kwao ni kama kilomita 160. Wakitoka saa kumi na moja alfajiri wanaingia mjini saa mbili na nusu, wanaona mahali patatu, na basi linageuza saa tisa alasiri kabla msongamano wa Kangemi na Uthiru haujaanza. Patatu, si patano.

Kuna tarehe za kuepuka. Juni 25 na Julai 7 zimekuwa siku za maandamano miaka ya karibuni, na polisi wamewahi kufunga barabara za kuingia katikati ya mji tangu alfajiri. Wiki ya Krismasi na Alhamisi ya kuelekea Pasaka barabara ya kuja magharibi hufurika, na nauli na bei ya kukodi gari hupanda. Wiki ya katikati ya Agosti huwa tulivu, ila Nairobi ni baridi sana wakati huo. Kijana wa Kisumu aliyezoea joto la ziwa hushangaa asubuhi ya Agosti ya Nairobi. Sweta na blanketi ziwe kwenye orodha ya lazima, zisiwe za hiari.

Sasa gari. Makanisa mengi huazima basi la shule la viti 51, na ni sawa, maana hukodishwa kwa mafuta na posho ya dereva. Kabla ya kukubali, mlezi aombe kuona mambo matatu kwa macho yake: cheti cha ukaguzi kisichopitwa na muda, mikanda ya viti inayofunga kweli, na bima. Bima ndiyo hupuuzwa. Bima ya basi la shule inaweza kuwa ya wanafunzi wa shule hiyo peke yao, na abiria wa nje wakipata ajali hakuna wa kuwalipa. Mwambie mwalimu mkuu aulize kampuni yake ya bima kwa maandishi. Muulize pia masharti ya mabasi ya shule kutembea usiku, kwa sababu ukichelewa njiani yatakuhusu wewe.

Mafuta hukadiriwa hivi. Basi la ukubwa huo huenda kilomita nne hadi tano kwa lita moja ya dizeli. Kwenda na kurudi ni kilomita 700, ongeza 60 za kuzunguka mjini: 760. Gawa kwa nne, usigawe kwa tano, kwa sababu mlima wa Mau na foleni za Nairobi hunywa mafuta. Unapata lita 190. Zidisha kwa bei ya pampu ya wiki hiyo. Juu ya jumla ya gharama zote weka asilimia kumi ya dharura, na fedha hiyo ishikwe na mweka hazina, wala si mwenyekiti wa vijana.

Viti 51 maana yake ni vijana 45 na watu wazima sita. Asiongezwe "mdogo wa kukaa mapajani". Dereva awe na usiku mzima wa kulala kabla ya safari, na kule Nairobi apewe chumba chake mbali na vijana, kwa maana vijana wa kanisa huimba hadi saa sita za usiku na dereva ndiye hulipa deni hilo barabarani. Kama fedha zinaruhusu, madereva wawe wawili.

Barabara yenyewe inahitaji heshima. Kutoka Kericho unapita njia panda ya Londiani, unaingia barabara kuu Mau Summit, kisha unateremka Sachangwan na Salgaa kuelekea Nakuru. Wanaotoka Bungoma na Webuye huja kupitia Eldoret na Timboroa, wanaungana nasi hapo hapo Mau Summit. Mteremko ule ni mrefu, na lori lenye breki zilizochoka hulishika kila lililo mbele yake. Pale Londiani, Juni 30, 2023, lori lililopoteza mwelekeo liliua watu 52, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Ndiyo sababu tunasisitiza: basi la vijana lisisimame kwenye njia panda kununua karoti wala viazi. Lisimame ndani ya kituo cha mafuta, mbali na lami. Ukitoka Kisumu saa kumi na moja alfajiri unafika Nakuru kama saa tatu, na hapo ndipo pa chai na choo kwa dakika arobaini.

Tumbo nalo lina sheria zake. Kona za Kericho huwatapisha waliokula mandazi yenye mafuta mengi alfajiri. Wape uji mwepesi au mkate mkavu, na chai ya maziwa ingoje Nakuru. Waliozoea kutapika wakae mbele. Bebeni ndoo mbili ndogo zenye vifuniko, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017 na ya karatasi hailowi mara mbili.

Kwa chakula cha njiani, paketi ya unga ya kilo mbili hutoa chapati kama ishirini. Vijana 45 na wakubwa sita, chapati mbili kila mmoja, ni paketi sita, na akiba kidogo. Mayai ya kuchemsha ni mawili kwa kila mtu. Mchele, mkipika mnakolala, ni gramu 150 za mchele mkavu kwa kijana mmoja, yaani kilo nane kwa kundi zima kwa mlo mmoja. Maji ni lita moja na nusu kwa mtu kwa siku: mitungi minne ya lita ishirini. Kila kijana awe na chupa yake ngumu ya kujaza upya. Hili si la kuokoa fedha tu. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa katika mbuga na hifadhi za taifa, na chupa zile laini za dukani huzuiliwa getini.

Kuingia Nairobi kwa njia ya Waiyaki Way kuna faida ambayo makundi mengi huipoteza: Makumbusho ya Taifa yako Museum Hill, kabla hujafika katikati ya mji, na yana mahali pa kuegesha basi. Aliyetoka Kisumu alfajiri hufika hapo kati ya saa saba na saa nane mchana, na milango hufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Pitieni hapo moja kwa moja siku ya kuwasili, mizigo ikiwa bado ndani ya basi. Ukienda kwanza kushusha mizigo, hutarudi.

Ndani, msitawanyike mapema. Nendeni kwanza kwenye chumba cha mifupa ya binadamu wa kale, kungali na utulivu. Hapo ndipo ilipo mifupa ya Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, mwenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Wasogeze karibu na kioo waangalie taya na mbavu, wauone ule urefu: alikuwa bado mtoto. Vijana wa kanisa watauliza swali la uumbaji palepale, na kwa sauti. Mlezi asilikwepe wala asimkemee aliyeuliza. Ni vizuri mchungaji au padri awe amelizungumza wiki moja kabla ya safari, ili pale mbele ya kioo wawe na la kufikiri na si la kubishana. Baada ya hapo, chumba cha ndege na sanamu ya Ahmed nje, yule ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Kenyatta na aliyekufa mwaka 1974. Bustani ya nyoka ina tiketi yake. Kama fedha ni chache, iacheni.

Siku ya mji ndiyo nzito zaidi, na njia nzuri ni ya miguu, kwa mstari mmoja usiorudi nyuma. Basi liwashushe Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, kisha liende likaegeshwe mahali palipolipiwa. Dereva asijaribu kungoja kando ya barabara, kwani kanjo, yaani askari wa kaunti, watafunga gurudumu, na kulifungua ni fedha na saa mbili za siku yenu.

Watu wa Kisumu wana sababu ya kuanzia kwa reli. Njia ile ilifika kwetu Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na Kisumu ya leo ilikua kuizunguka stesheni na bandari. Katika makumbusho kuna behewa ambalo simba alimtoa Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900. Vijana hupima dirisha kwa mikono wakishangaa, na ni mahali pazuri pa kuwaeleza kazi ile iligharimu nini.

Kutoka hapo ni matembezi mafupi hadi Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie. Ubalozi wa Marekani ulisimama hapo hadi uliposhambuliwa kwa bomu Ijumaa ile ya mwaka 1998. Watu 213 walikufa Nairobi, na maelfu walijeruhiwa. Vijana wote mnaowapeleka walizaliwa baada ya siku hiyo, na wasipoelezwa watapiga picha wakicheka, si kwa utovu wa adabu bali kwa kutojua. Waelezeni kabla ya kuingia. Waambieni kwamba mlipuko mdogo ulitangulia, watu maofisini wakakimbilia madirishani kutazama, na ule mkubwa ukawavunjia vioo usoni. Wengi walipoteza macho kwa njia hiyo. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka. Kisha waacheni wasome majina ukutani polepole. Wapeni dakika arobaini na tano, na ombi fupi mwishoni linatosha. Kuimba kwa sauti hapo hapana, wapo wengine waliokuja kuwakumbuka ndugu zao.

Fuateni Moi Avenue hadi Nyaraka za Taifa. Nje yake, kuvuka barabara, kuna sanamu ya Tom Mboya, mtu wa Rusinga, karibu na mahali alipopigwa risasi Julai 5, 1969. Ndani, ghorofa ya chini, kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujiuzulu. Vijana wetu huyajua majina haya kama majina ya barabara na hospitali. Hapo huyaona yakiwa ya watu. Lakini mbele ya jengo hilo ndipo pia simu hupotea zaidi ya popote. Simu zote ziingie mfuko wa mbele, na picha zipigwe na mtu mmoja aliyeteuliwa, wengine wakiwa wamemzunguka. Hata ndani ya basi, foleni ikisimama, madirisha yafungwe, maana mkono huingia dirishani ukachukua simu kabla mwenyewe hajageuka.

Chakula cha mchana Jeevanjee Gardens, bustani iliyotolewa kwa mji na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Kuna viti, kivuli, na wahubiri wa adhuhuri ambao vijana watawasikiliza kwa makini kuliko mnavyodhani. Vyoo vya katikati ya mji ni vya kulipia. Mweka hazina abebe sarafu za shilingi kumi na ishirini za kutosha, kwa sababu kulipia watu hamsini mmoja mmoja kwa simu hukula nusu saa.

Baada ya chakula, KICC na Bunge viko jirani. KICC ilikamilika mwaka 1973, ina ghorofa 28, na ukiwa juu ya paa unaiona mbuga upande mmoja na Ngong upande mwingine. Ulizeni siku chache kabla kama paa liko wazi, na mjue kwamba lifti hubeba wachache. Kundi zima kupanda na kushuka si chini ya saa moja. Basilika ya Familia Takatifu iko hatua chache kutoka hapo, na hata wasio Wakatoliki hunufaika kukaa kimya ndani yake robo saa, miguu ipumzike.

Bunge halitembelewi kwa kubisha hodi. Barua yenye mhuri wa kanisa iende kwa Karani wa Bunge miezi miwili kabla, ikiwa na tarehe, majina yote, namba za vitambulisho, na simu ya mlezi mmoja. Walio chini ya miaka 18 wabebe nakala ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha shule. Alhamisi Bunge la Taifa huanza kikao saa nane na nusu alasiri, lakini mwezi Agosti wabunge wanaweza kuwa mapumzikoni, kwa hiyo thibitisheni. Mavazi yawe ya ibada. Simu na mikoba huachwa mlangoni, na visu vya jikoni visisahauliwe kwenye begi la mtu. Kaburi la Mzee Kenyatta lililo kando ya Bunge lina walinzi wenye silaha. Kamera zikae chini.

Kama nguvu zipo, malizieni Uhuru Park, ambako Wangari Maathai mwaka 1989 alisimama dhidi ya jumba la ghorofa 60, na Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani, ambalo polisi waliingia wakapiga waumini Julai 7, 1997. Kama miguu imechoka, basi lije liwachukue. Hapo ndipo saa ya kurudi inaposaidia: anayejua ataamka saa kumi na moja alfajiri hasikitiki kukiacha kituo kimoja.

Kuhusu mbuga, nasema wazi: kundi la Nakuru lisilipie wanyama Nairobi wakati vifaru wako nyumbani kwao. Kundi la Kisumu linaweza kufurahia kuona simba na majumba marefu kwa mtazamo mmoja, lakini basi refu la shule hukwama kwenye udongo mweusi mvua ikinyesha. Safari Walk, kwa miguu, ni salama zaidi. Malipo hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, fedha taslimu hazipokelewi, na mtandao getini unaweza kusumbua. Lipeni jioni ya jana yake.

Kulala ni kwenye ukumbi wa kanisa mwenyeji au bweni la shule, kwa barua, si kwa kupigiana simu. Ulizeni idadi ya bafu kabla ya idadi ya magodoro. Wasichana 25 kwa bafu mbili, dakika nane kila mmoja, ni zaidi ya saa moja na dakika arobaini. Nusu waoge usiku, nusu asubuhi, na majina yabandikwe mlangoni. Watu wazima wawili walale kila upande.

Na kuhesabiana. Msihesabu vichwa kwa jumla. Mtu akihesabiwa mara mbili, aliyepotea hujulikana mkiwa Limuru. Gawanyeni kundi kwa kumi kumi, kila kijana na namba yake, na kiongozi wa kumi aite namba, si majina. Namba moja isipoitika, basi haliondoki. Kila kijana awe na kadi mfukoni yenye simu ya walezi wawili na jina la mahali pa kukutana; sisi hutumia lango la Nyaraka za Taifa kwa sababu kila mtu mjini anaweza kumwelekeza. Fomu za idhini ziwe na sahihi ya mzazi na maelezo ya ugonjwa: pumu, kifafa, selimundu (sickle cell). Hili la mwisho ni la muhimu sana kwetu watu wa kando ya ziwa, maana baridi na ukosefu wa maji humletea mwenye selimundu maumivu makali. Huyo apewe kiti kisicho na upepo, maji kila saa, na dawa zake zishikwe na mlezi.

Mweka hazina achapishe risiti za eCitizen na za mafuta, aandike matumizi kwenye ukurasa mmoja, na yasomwe kanisani Jumapili ya pili baada ya kurudi, pamoja na salio na jina la akaunti lilikowekwa.